Siku 14: Mfungwa Akichelewa Kukata Rufaa, Korti Imfungie Mlango?

Wasee, wacha tuanze na hesabu ndogo.

Hakimu amekuhukumu Jumatatu. Miaka 12. Umetolewa kizimbani na pingu, umepakiwa kwa lori la magereza, umefika, umenyolewa, umepewa sare ya milia. Kufikia Ijumaa bado unajifunza unalala upande gani na nani hafai kuangaliwa machoni. Jumatatu ya pili unaambiwa ufunge virago, unahamishwa jela nyingine. Jumatatu ya tatu inafika. Hiyo ndiyo siku ya 14. Ukiamka Jumanne na bado hujakata rufaa, umechelewa.

Ndio, siku 14. Ni muda uleule unangoja mzigo wa mtandaoni kutoka China, na wakati mwingine hata mzigo unakawia. Kifungu cha 349 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, ile mawakili wanaita Sura ya 75, kinasema rufaa ya kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu iwasilishwe ndani ya siku 14 tangu hukumu au amri itolewe.

Sasa swali la leo: mtu akiwa jela, akachelewa mwezi, mwaka, miaka minne, korti ikubali kumsikiza ama imwambie pole, muda umeisha?

Najua kuna mtu ameshajibu kwa roho: "Mhalifu ni mhalifu, angejipanga." Hata mimi ningejibu hivyo, lakini kuna mtu alichelewa miaka minne na mtu huyo ni ndugu wa mamangu.

Mjomba na barua yake

Sitamtaja jina, wala korti, wala jela. Mjomba wangu alihukumiwa kwa kosa la kumjeruhi mtu vibaya. Ulikuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, panga likainuliwa, jirani akaumia mkono na hadi leo vidole viwili havikunji. Hayo siyafichi. Mjomba alisema alikuwa anajikinga. Korti haikuamini. Alikuwa amekaa remandi miaka miwili na miezi mitatu kabla ya hukumu, juu dhamana iliwekwa juu kuliko ng'ombe wote wa nyumbani.

Familia ilichanga, tukaweka wakili. Kitu hatukujua ni kwamba pesa tulizolipa zilikuwa za kesi tu. Rufaa ilikuwa malipo mengine. Wakili alidhani hatutaki, sisi tukadhani ameshakata, mjomba akadhani tunashughulika. Kila mtu alikuwa anangojea mwenzake, na siku 14 haziwangojei watu.

Baadaye ikaja barua, karatasi ya kuandikia hesabu, kalamu ya bluu: "Kijana, wewe unajua mambo ya kompyuta. Nitafutie mwenendo wa kesi yangu. Nimeandikia korti mara mbili na sijajibiwa."

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Sikujua mwenendo wa kesi ni nini. Nilifikiri ni tabia yake. Kumbe ni ile rekodi yote: nani alisema nini, wakili aliuliza nini, hakimu aliandika nini. Bila hiyo huwezi kuandika rufaa ya maana, juu hujui unapinga neno gani. Na mahakimu wengi wameandika ushahidi kwa mkono kwa miaka mingi, halafu mtu wa kupiga chapa anatafutwa, halafu nakala inathibitishwa kwa muhuri. Hiyo safari peke yake inaweza kumaliza siku 14 mara kumi.

Hapo ndipo nilianza kusoma historia ya haya mambo. Sikutumwa na mwalimu, na hakuna mtihani ulikuwa unakuja. Na venye nilisoma ndivyo niliona kwamba huu muda mfupi haukuanguka kutoka mbinguni.

Zamani hakukuwa na mlango wowote

Sheria zetu za jinai ni za mkoloni, na mkoloni mwenyewe alichelewa kufikiria rufaa. Hadi mwanzo wa karne ya 20, Uingereza haikuwa na mahakama ya kawaida ambapo mtu aliyehukumiwa kwa jinai angesema "jopo limekosea ukweli wa mambo, angalieni tena." Ukishapatikana na hatia, kilichobaki ni kuandika barua kwa serikali uombe huruma.

Kisha akatokea Adolf Beck. Mwaka wa 1896 jijini London, wanawake walimtambua wakasema huyu ndiye tapeli aliyetuibia vito. Akafungwa miaka saba. Aliandika maombi mara nyingi akiwa jela akisema si mimi, mnamchanganya na mtu mwingine. Na kweli kulikuwa na mtu mwingine, aliyewahi kufungwa 1877 kwa utapeli wa aina ileile, wakati Beck akiishi Amerika Kusini. Rekodi za jela zilionyesha kwamba yule wa 1877 alikuwa ametahiriwa, na Beck hakuwa ametahiriwa. Manze, ushahidi gani mwingine unataka? Lakini hakuna korti ilikuwa na kazi ya kufungua faili hilo. Akatoka 1901, na 1904 akashikwa tena kwa kosa lilelile na kupatikana na hatia tena, kabla yule tapeli halisi kunaswa. Beck akasamehewa na kulipwa fidia ya pauni 5,000.

Aibu hiyo ilisukuma Bunge la Uingereza kupitisha Sheria ya Rufaa za Jinai ya 1907. Ikaanzishwa mahakama ya rufaa, na muda ukawekwa: siku 10. Lakini sheria hiyohiyo ikasema korti inaweza kuongeza muda wakati wowote. Yaani waliotunga walijua tangu siku ya kwanza kwamba watu watachelewa, wakaacha dirisha wazi.

Isipokuwa kwa kundi moja. Waliohukumiwa kifo hawakuongezewa muda.

Soma hiyo tena. Mtu wa miezi sita angeweza kuchelewa akasamehewa. Mtu wa kamba hangeweza. Ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba kunyonga kulikuwa na ratiba, na ratiba haikutaka kusumbuliwa.

Ikafika kwetu

Huku kwetu, Waingereza walianza kwa kutumia sheria za jinai za kutoka India. Kisha zikaja sheria za Kenya yenyewe, na ile Sura ya 75 ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1930. Imerekebishwa mara nyingi, lakini nyumba ni ileile. Mwafrika aliingia kortini inayoendeshwa kwa Kiingereza, kesi ikitafsiriwa na mkalimani, kisha akatakiwa kukata rufaa kwa maandishi. Fikiria nyanya yako wa 1935 akiandika hoja za rufaa kwa Kiingereza akiwa seli. Haki ilikuwepo kwa karatasi tu.

Halafu ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Kuanzia 1953 serikali ya kikoloni iliunda korti maalum za kushughulikia kesi za Mau Mau haraka. Rufaa zilienda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Kufikia mwisho wa vita hivyo, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa. 1,090. Hilo ni bweni baada ya bweni la shule ya upili.

Angalia kesi ambayo sote tunaijua. Dedan Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956. Alishtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi. Tarehe 27 Novemba akahukumiwa kifo. Desemba rufaa yake ikatupwa. Januari 1957 ombi lake kwa Baraza la Mfalme, ile mahakama ya mwisho kule London, likatupwa. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Kutoka hukumu hadi kamba ni siku 83, na ndani ya siku hizo 83 zimepita korti mbili za rufaa, moja ikiwa ng'ambo.

Kwa hivyo usiniambie mashine ya korti haiwezi kwenda haraka. Ilikwenda haraka sana kwa Kimathi. Rekodi ilipigwa chapa, karatasi zikavuka bahari, majaji wakakaa. Leo mfungwa wa kawaida anaweza kungoja nakala ya mwenendo wa kesi kwa muda mrefu kuliko maisha yote ya rufaa za Kimathi. Kasi ya korti kwa kiasi kikubwa ni uamuzi wa mtu fulani kuhusu nani wa kuharakishiwa, na kwa nini.

Maneno mawili: "inaweza" na "lazima"

Sasa rudi kwa kifungu cha 349, juu watu husoma siku 14 wakafunga kitabu. Endelea kusoma. Chini yake kuna nyongeza yenye sehemu mbili.

Ya kwanza: Mahakama Kuu inaweza, kukiwa na sababu nzuri, kukubali rufaa iliyochelewa. Hapo jaji ana uhuru. Anaweza kusema ndio au la.

Ya pili ndiyo tamu: korti lazima ikubali ikiwa imeridhika kwamba mtu alichelewa kwa sababu yeye au wakili wake hakuweza kupata nakala ya hukumu na rekodi ndani ya muda unaofaa, baada ya kuiomba. Hapo hakuna cha kuomba huruma. Kama korti yenyewe ndiyo ilichelewesha karatasi, haiwezi kugeuka ikakuadhibu kwa kuchelewa. Ni kama mwenye nyumba achukue ufunguo wa geti, halafu akutoze faini kwa kuchelewa kuingia.

Kuna pia kifungu cha 351: mfungwa anaweza kumpa msimamizi wa jela ombi lake la rufaa, na huyo msimamizi ndiye atalipeleka kortini. Maana yake sheria inajua kwamba mfungwa hana miguu yake mwenyewe. Anategemea miguu ya afande.

Na kwa nini rufaa ya kwanza ni kubwa hivi? Kuna kesi ya 1972, Okeno dhidi ya Jamhuri, ambayo majaji wanaitaja karibu kila siku. Ilisema korti ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake, ikikumbuka tu kwamba haikuwaona mashahidi wakitoa ushahidi. Yaani ni macho ya pili. Beck alipatikana na hatia mara mbili kwa kukosa macho ya pili. Ukimfungia mtu mlango wa rufaa ya kwanza, unamwachia maoni ya mtu mmoja, hakimu mmoja aliyekuwa na kesi nyingine ishirini siku hiyo.

Hata kwa makosa mazito. Kwa miaka mingi, mshtakiwa wa mauaji katika Mahakama Kuu alipewa wakili wa serikali, lakini mshtakiwa wa wizi wa kimabavu, ambaye adhabu yake pia ni kifo, alijitetea peke yake mbele ya hakimu kama hana pesa. Mtu huyo ndiye tulimtarajia ajue siku 14.

Katiba ilibadilisha sauti

Mwaka wa 2010 tukapata Katiba mpya. Ibara ya 50 ikasema mtu akipatikana na hatia ana haki ya kukata rufaa au kuomba korti ya juu iangalie upya. Ikasema pia mshtakiwa ana haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi ndani ya muda unaofaa, kwa ada inayofaa. Ibara ya 159 ikaambia majaji watoe haki bila kushikilia mno mambo ya kiufundi ya taratibu.

Hiyo haikumaanisha tarehe zimekufa. Na hapa kuna kichekesho cha historia. Kesi ambayo korti zetu hutumia sana kuamua nani aongezewe muda haikuletwa na mfungwa. Ililetwa na mwanasiasa. Ni ya Nicholas Salat dhidi ya IEBC, ugomvi wa uchaguzi wa 2013 kutoka Bomet, ulioamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka wa 2014. Majaji wakasema kuongezewa muda si haki ya kila mtu, ni hisani ya korti kwa anayestahili. Anayeomba lazima aeleze kwa nini alichelewa, hadi korti iridhike. Korti iangalie kila kesi kivyake, iulize kama ombi lenyewe limeletwa bila kukawia, kama upande wa pili utaumia, na wakati mwingine maslahi ya umma.

Ni kipimo kizuri. Lakini mwanasiasa ana mawakili, ana simu, ana gari la kumpeleka kwa karani. Mfungwa akipimwa kwa rula hiyo, jaji inabidi akumbuke mahali mtu huyo amekaa. Majaji wengi hukumbuka. Ukisoma maamuzi ya Mahakama Kuu utaona sababu zilezile zikirudi: sikuwa na wakili, nilihamishwa jela, sikupata rekodi, familia haikuwa na pesa, sikujua. Na mara nyingi jaji anasema sawa, leta rufaa yako ndani ya siku kadhaa.

Majirani wamefika hapo pia. Tanzania, sheria yao inampa mtu siku 10 kutoa notisi ya nia ya kukata rufaa na siku 45 kuwasilisha rufaa yenyewe, na muda wa kungojea nakala hauhesabiwi. Mahakama yao ya Rufaa imesema wazi kwamba mfungwa hana mamlaka juu ya mambo yake, yuko chini ya huruma ya wasimamizi wa jela. Marekani nayo ilifika huko 1988, kwa kesi ya Houston dhidi ya Lack. Mfungwa wa Tennessee alikuwa na siku 30. Siku ya 27 akawapa maafisa wa jela karatasi zake. Zilifika kwa karani siku ya 31. Siku moja tu nje! Majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika 5 kwa 4, walio wengi wakasema: karatasi ya mfungwa imewasilishwa siku aliyomkabidhi afisa wa jela, juu hapo ndipo uwezo wake unaisha.

5 kwa 4, wasee. Jaji mmoja angebadilisha maoni, siku moja ingemfungia mlango.

Upande wa pili una haki pia

Sasa nisikize vizuri, sitaki tuandike hii kama mfungwa ndiye malaika.

Rufaa ya mjomba ilipokubaliwa, mke wa yule jirani alikutana na mamangu sokoni. Alimwambia, "Mama, kila tukianza kusahau, mnaturudisha kortini." Mamangu alirudi nyumbani bila sukuma aliyokuwa ameenda kununua. Hakuwa na jibu, na hata mimi sina la kutosha.

Mtu aliyeumizwa anahitaji mwisho. Faili likifunguliwa baada ya miaka, mashahidi wamehama, wengine wamekufa. Korti ikiamuru kesi irudiwe upya, nani atakuja kusema tena? Ndiyo maana hata mimi nakubali tarehe lazima ziwepo, na mtu anayekaa miaka kumi bila sababu yoyote, halafu siku moja anaamka kuomba, afaa kuulizwa maswali magumu. Wapo wanaokataliwa, na wengine wanastahili kukataliwa.

Lakini angalia korti inachofanya inapokubali rufaa iliyochelewa. Haimwachilii mtu. Haisemi hana hatia. Inasema tu: leta, tusome. Tena rufaa si bahati nasibu ambayo huwezi kupoteza. Ukilalamikia adhabu, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza na uwezo wa kuiongeza. Kuna watu walioingia na miaka kumi na wakatoka na zaidi. Aliyeumizwa haibiwi chochote kwa hukumu kusomwa mara ya pili. Kama hukumu ni nzuri, itasimama.

Kilichotokea

Mjomba alisaidiwa na mfungwa mwenzake aliyekuwa amefunzwa mambo ya sheria. Hii ni kazi ambayo mashirika kama Kituo cha Sheria yamefanya kwa miaka, kufunza wafungwa na maafisa wa jela kuandaa karatasi za rufaa. Kuna hata wafungwa wa Kamiti waliosoma shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani. Huyo mwenzake alimwandikia hati ya kiapo, ukurasa mmoja na nusu: nilihukumiwa siku fulani, niliomba rekodi siku fulani na siku fulani, nilihamishwa mara mbili, sina wakili, naomba nisikizwe. Mimi kazi yangu ilikuwa kusukuma faili. Nilienda kwa karani mara tano. Mara ya tano faili likapatikana, lilikuwa limewekwa kwa mwaka usiofaa.

Jaji alikubali rufaa iliyochelewa miaka minne. Akaisoma. Na mjomba akashindwa. Jaji alisema ushahidi ulitosha, kujikinga hakukuonekana.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja. Kifungu cha 333 kinasema korti inapofunga mtu, izingatie muda aliokaa rumande. Hakimu hakuwa amehesabu ile miaka miwili na miezi mitatu. Hakuna aliyekuwa ameona, hata sisi. Jaji aliona, akaamuru miaka 12 ihesabiwe kuanzia siku aliyokamatwa.

Fikiria mlango ungefungwa. Hatia yake ingekuwa ileile, sawa. Lakini angekaa ndani miezi 27 ambayo sheria haikumdai. Miezi 27 ni zaidi ya muda niliokaa chuoni.

Na kwa sababu nimetaja chuo, nimalizie hilo. Mimi niliacha masomo kwa tarehe. Karo ilikosekana, muda wa kujisajili ukapita, nikaandika barua kuomba niahirishe mwaka. Nikajibiwa kwamba barua yenyewe imechelewa. Hakuna aliyesoma sababu. Sisemi hayo ni sawa na jela, mimi nilikuwa na miguu, nilikuwa na simu, na leo niko hapa nakuandikia. Lakini najua vile mtu huhisi akikataliwa kabla ya kusomwa.

Mjomba alirudi nyumbani mwaka jana. Nilimuuliza kama alijuta kukata rufaa, maana alishindwa. Akasema, "Kijana, hakimu wa kwanza alinisomea hukumu dakika chache, sikushika hata nusu. Huyu wa pili alieleza kila kitu nilichoandika na kwa nini hakikubali. Nilirudi seli nikalala." Siku hizi akipita kwa yule jirani anasalimia. Hajibiwi kila mara. Anasalimia tu.

Maoni yangu, na namba ya kuweka kichwani

Ningeulizwa, hizi siku 14 zingeanza kuhesabiwa siku mfungwa anapokabidhiwa nakala ya rekodi na kutia sahihi kwamba amepokea. Si siku ya hukumu. Na notisi ya rufaa ingekuwa fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, anayopewa kila mfungwa siku ya kwanza anapoandikishwa jela, pamoja na blanketi. Tangu 2020 korti zetu zimeanza kupokea karatasi mtandaoni. Ni jambo zuri kwa wakili aliye Upper Hill na laptopu. Mfungwa akishikwa na simu anaadhibiwa. Basi kila jela iwe na meza moja na kompyuta moja na mtu mmoja wa kazi hiyo, na kila karatasi ipigwe muhuri wa tarehe mfungwa anapoikabidhi.

Hadi siku hiyo, kama una mtu ndani, au kesho ukawa na mtu, fanya hivi. Siku ya hukumu andika namba ya kesi, jina la korti na tarehe. Uliza wakili palepale, mbele ya watu: "Malipo yetu yanafika rufaa ama yanaishia hapa?" Ombeni mwenendo wa kesi kwa barua siku hiyohiyo, na mkae na nakala iliyopigwa muhuri, juu barua hiyo ndiyo itakuwa shahidi wenu mkichelewa. Mfungwa ampe msimamizi wa jela karatasi zake na aombe tarehe iandikwe. Na kama muda umeshapita, msikate tamaa na msiendelee kukaa. Ombeni kuongezewa muda, mseme ukweli wote kuhusu kuchelewa, hata ule wa aibu. Sisi tulisema wazi: tulidhani wakili ameshakata. Jaji alituamini.

Siku 14. Mwambie mtu mmoja leo.